Kimbunga Kilichosimama

Mguu wa stendi ya kamera ulinipata mdomoni, jino likatoka hapohapo.

Aliyenipiga ni Wade, mume wangu wa ndoa... na nyuma yake mkonga wa kimbunga ulikuwa umeshashuka kutoka kwenye wingu jeusi.

"Rudia ulichosema."

"Nitawaambia watu. Picha zote za mawingu zenye jina lako nimepiga mimi."

Jamani, miaka sita tunayafukuzia mawingu ya vimbunga huko Kansas, tuyapige picha tuuze. Mimi napiga, sifa anakula yeye. Siku hiyo nilichoka.

Akanipiga teke la mbavu, nikaangukia mtaroni. Akabeba kamera na stendi yake, akapanda gari, huyoo. Kaniacha nife, mwanaume niliyemzalia!

Mvua ya mawe ilikuwa inabonda barabara. Nikatambaa hadi ndani ya kalavati, damu inanichuruzika shingoni.

Nikachungulia. Wade alikuwa amesimama mbele huko, katikati ya mashamba ya ngano, kamera juu ya stendi. Na kimbunga kilikuwa kinanipita pembeni, kinaelekea kwake.

Nilimchukia, sifichi. Lakini nilimpigia simu.

"Wade, ondoka hapo. Kinakufuata."

"Muongo. Kimesimama. Hakiendi kushoto wala kulia."

"Ndiyo dalili yenyewe. Ukikiona kimesimama, ujue kinakuja kwako. Panda gari, baba Cody, nakuomba."

Akacheka. "Wivu huo, Twyla. Unataka niikose picha."

Kisha nikasikia vioo vya gari vikipasuka... simu ikakatika.

Kila mpiga picha wa mawingu anaijua dalili ile tangu wiki ya kwanza. Wade hakuijua. Miaka yote sita alikuwa anakaa garini akitafuna mbegu za alizeti, nje niko mimi.

Walimkuta shambani, amevunjika vibaya, hana uhai. Kamera ilikuwa nzima. Ndani yake mlikuwa na picha arobaini: kimbunga kilekile, mahali palepale, kwenye kila picha kikubwa kuliko kwenye iliyotangulia.

Gazeti lilipoziomba, jina lake nililiandika mimi kwa mkono wangu. Hizo alipiga mwenyewe.

Ndugu zangu, ukimwibia mwenzio kazi, unaondoka na sifa tu, ujuzi unabaki kwake. Na siku atakapokupa ujuzi huo bure ili uokoke, utamwona muongo.