Baiskeli ya Kornelio

Haya nilielezwa na shoga yangu Mauwa mwaka hamsini na sita, tukisubiri maji bombani Temeke. Naye alikuwamo mwenyewe, kwa hiyo sikubisha.

Anastasia alikutana na Kornelio uwanjani, siku gari la sinema lilipokuja. Anastasia na gauni la maua, Kornelio na shati jeupe la pasi kali, kaegemea baiskeli mpya. Ikaonyeshwa katuni ya jogoo mwenye maringo: kuwika lazima awe wa kwanza, mbio lazima ashinde, na akijikwaa anageuka kutazama nani kamwona. Uwanja mzima ulicheka isipokuwa Kornelio. Anastasia akamuuliza kulikoni.

"Yule hana maringo, bibie," akasema. "Yule anaogopa."

Neno lile likamwingia. Kornelio alikuwa karani, wa kwanza darasani tangu kwao Masasi, wa kwanza kazini, na alikuwa hachoki kukwambia. Kila jioni alimsindikiza Anastasia akiikokota baiskeli. Ukimuuliza mbona hapandi, mara mnyororo, mara tairi, mara anataka waongee.

Barua ya posa ikaletwa, mjomba wa Anastasia akataka jibu Jumapili. Jumatano jirani akaja na umbea: Kornelio kaonekana Kipawa alfajiri, Mauwa binti wa fundi baiskeli kamshika kiuno. Anastasia hakula. Akaanza kukumbuka viwiko vilivyochubuka, suruali yenye udongo. Alipomuuliza, Kornelio akasema ni mambo ya kazi, akatazama pembeni.

Jumamosi akajitanda kanga, akaenda Kipawa jua halijatoka, akajibanza nyuma ya michongoma. Kweli, Mauwa alikuwa kamshika kiuno, anakimbia naye. Halafu akamwachia. Baiskeli ikayumba ikaingia shimoni pamoja na karani. Kornelio akainuka upesi, akatazama huku na huku nani kamwona. Akamwona Anastasia.

"Siku zote hizi hujui kupanda?"

"Usimwambie mtu."

"Mie nikadhani una mwanamke."

"Bora ungeendelea kudhani hivyo," akasema Kornelio, na Mauwa anaapa hakuwa anatania.

Anastasia akaiinua baiskeli kutoka shimoni.

"Kesho njoo unichukue na hiyo baiskeli, unipeleke kwa mjomba mchana, watu wakituona. Usipokuja, jibu langu ni hapana."

Alikuja, jasho limelowesha shati. Walifika salama hadi mlangoni kwa mjomba, na hapo hapo wakaanguka, mbele ya wazee wa posa na mtaa mzima. Watu wakacheka. Kornelio akaanza kugeuza shingo, Anastasia akamshika kidevu.

"Nitazame mie. Jibu ni ndiyo."

Jioni ile mjomba alilala mapema, Anastasia naye. Kornelio alibaki macho chumbani kwake Kinondoni. Kila majirani walipocheka alidhani wanamcheka yeye. Kisha akakumbuka lile shimo la Kipawa, akacheka peke yake, akalala.