Sura ya Peres Shingoni mwa Mlevi

Mbithi alimwona Peres mara ya kwanza City Market, mwaka wa sitini na tisa, watu wakisukumana kati ya maua na samaki. Peres alivaa gauni la manjano na viatu vyeupe. Akamwona kijana kasimama anamkodolea macho.

"Wewe bwana, niko na masizi kwa uso?"

"Hapana, dada. Naangalia pua."

"Pua yangu imekukosea nini?"

"Haijakosa. Kazi yangu ni kuchonga sura za medali. Pua kama hiyo ni ngumu kupata."

Peres alicheka mpaka akasahau bei ya nyanya, na msichana akishacheka hivyo, mengine huja yenyewe. Kila Jumamosi wakawa wanakunywa chai Adams Arcade, naye Mbithi, maskini, akiukariri uso ule.

Basi baa moja ya Dagoretti Corner ikaagiza medali za mashindano ya kurusha vishale kwenye karakana alikoajiriwa Mbithi. "Tuwekee mwanamke mrembo," walisema. Mbithi akamchonga Peres kwenye muhuri wa chuma, ule unaogonga sura juu ya medali. Ikatoka kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na kwa furaha yake hakumuuliza mwenye uso.

Jumapili moja watu wakitoka kanisani, mlevi aliyeshinda mashindano yale akapita na medali shingoni. Akamtazama Peres, akaitazama medali, akaibusu mbele ya waumini wote.

"Huyu ni wangu!"

Mzee Zadock, baba yake Peres na mzee wa kanisa, alikuwa amemshika binti yake mkono. Akauachilia.

Mbithi aliposikia, alipiga simu ofisini kwa Peres.

"Peres, mpenzi..."

"Umekosea nambari."

"Naona aibu, Peres. Hata chakula hakipiti."

"Aibu yako unaonea huko ndani ya karakana. Mimi ndio nabusiwa na walevi! Baba haniongeleshi. Na hiyo chuma bado iko?"

"Iko."

"Basi mtagonga zingine."

Akakata simu.

Kesho yake saa ya lanchi Peres alifika karakana mwenyewe, macho mekundu. Mbithi alikuwa ameuweka muhuri mezani, na tindo na nyundo kando yake.

"Nimemwambia bosi nitauharibu. Pengine atanifuta kazi," Mbithi alisema. "Peres, nilitaka watoto wangu waone hii kazi."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

Mbithi akaupiga muhuri. Tindo ilipasua jicho, pua, ikashuka mpaka shingoni. Peres alijishika shavu, machozi yakamtoka. Aibu haikuisha hapo, maana medali zilizotoka zilikuwa zimetoka.

"Sasa sina hata sura yako," Mbithi alisema, akilia waziwazi.

"Ukitaka kuona hii uso, kuja kwa baba. Umwambie wewe mwenyewe ulifanya nini."

"Atanifukuza, mpenzi."

"Atakufukuza," Peres alisema. "Na utarudi tena."