Chetezo Chini ya Tivii

Wallahi wabillahi watallahi, nife papa hapa nilipokaa kama nnaongeza hata neno moja! Haya yalitokea Azaiba, mtaa wetu huku kwa Waarabu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na mie nilikuwapo. Wako watakaokwambieni wanaijua hadithi hii. Waongo. Wao walikuwa wamejifungia makwao wanatetemeka. Mie Mutasim jini simwogopi; jini ndiye hupiga hodi kwangu kwanza.

Ulikuwa mwaka ule wa homa ya nguruwe, elfu mbili na tisa, na joto hata kandambili yangu iliganda kwenye lami mbele ya duka, nikaiacha. Nadhani iko mpaka leo.

Kitu cha mwanzo kilikuwa kidogo tu. Rawya, mke wa jirani yangu Suud, kapitisha kitambaa kufuta vumbi la tivii, tivii imezimwa tangu usiku, akakuta kioo kina moto. Si moto wa umeme. Moto kama wa paji la uso la mtu mwenye homa.

Suud huyu alikuwa karani wa wizarani, mtu na akili zake. Akikaa na Rawya na mamake, Bi Shaikha, aliyemlea peke yake kule Unguja kwa kushona kofia, mpaka wakaja huku wote wawili. Na wakipendana wale! Asubuhi Suud kahawa hainywi mpaka mamake kanywa, tena kwa finjani ile ile moja.

Ilipoingia homa, Suud kachukua likizo kajikalisha mbele ya tivii. Habari asubuhi, habari mchana, stesheni ya Kiarabu, ikisha ya Kizungu asichokijua, anatazama tu yale maandishi mekundu yanayopita chini: wangapi wameugua, wangapi wamekufa. Simu nayo hainyamazi, mesej juu ya mesej: usimpe mtu mkono, usile kuku, fulani kaanguka sokoni. Mie nilipiga hesabu, alikuwa akitazama saa ishirini na sita kwa siku.

"Zima bwana," Rawya humwambia. "Macho yamekuwa kama ya popo."

"Nikizima ntajuaje imefika wapi?"

"Ikifika itapiga hodi, Suud. Njoo ule."

Haji. Sasa hapa ndipo alipokosea, na sisi sote tungekosea vile vile. Nyumba zetu kila magharibi hufukizwa ubani, chumba kwa chumba, kutoa maradhi na vijicho. Suud akaona maradhi yote yanaingilia kwenye kile kioo. Akakichukua chetezo akakiweka chini ya tivii. Kwanza jioni. Ikisha na asubuhi. Ikisha hakitoki tena, makaa kwa makaa, siku arubaini.

Ubani ukaacha kunuka ubani. Ukanuka nywele zilizoungua. Na Bi Shaikha akaanza kukohoa.

"Moshi mwingi, mwanangu," akasema. "Kifua changu hakiuwezi."

Suud akageuka akamtazama mamake. Rawya aliniambia hajapata kuyaona macho yale kwa mumewe.

Jumatano, adhuhuri, jua liko utosini, Rawya yuko jikoni na Suud yuko peke yake sebuleni. Yule mwanamke anayesoma habari, Mwarabu wa mbali huko, alikuwa katikati ya hesabu za wagonjwa, akanyamaza, akaiweka karatasi, akainua uso, na kiyoyozi kikakata sauti, na moshi wa chetezo, badala ya kwenda juu kama moshi wa watu wote, ukapinda ukaingia kwenye kioo kama maji yanavyoingia mchangani, na yule mwanamke akaupumua, kifua kikamfura, akasogea mbele mpaka uso umejaa kioo chote, na kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, sauti ya mtu aliyekuzwa Unguja mtaa ule ule aliokuzwa yeye, akamwita, "Suud."

Rawya akamkuta kajibana pembeni, kajifunika shuka.

"Imenitaja," akanong'ona.

"Nani?"

"Ya ndani ile. Inasema maradhi yamo humu. Inasema ni mama."

"Imesema hivyo? Mama?"

"Sauti chini, Rawya! Inasikia."

Alasiri ile akamtoa mamake akamtia majlisi ya nje, kile chumba cha wageni karibu na geti chenye mlango wake, akatia kufuli. Kiyoyozi cha mle kibovu tangu Idi. Chakula kwa sahani ya plastiki, kahawa kwa kikombe cha karatasi, anavisukuma dirishani kwa fimbo.

"Suud, nimekukosa nini, babaangu?" Bi Shaikha anauliza.

"Wamesema, mama."

"Kina nani hao? Nitajie nami niwajue."

Suud akaiacha fimbo dirishani. Akarudi kutazama.

Siku ya pili Rawya kaja kwangu mbio, hana hata ushungi. "Kaka Mutasim, nakuomba. Kukohoa kumekoma. Sasa hata akiitwa haitiki, na ufunguo Suud kauvaa shingoni. Anamuua mamake!"

Nikawasha gari kumfuata Maalim Msellem, mtoa majini, Sidab ya mbali kule pwani. Dakika tisa kwenda na kurudi, muulizeni yeye. Tulipoingia, Rawya alikuwa ameshaichomolea tivii waya wa umeme, kaushika mkononi, na tivii bado inasema. Maalim akasoma. Suud akaanguka chini. Kioo kikaunguruma, ile harufu ya nywele ikajaa sebule nzima, mie nimesimama wima kama mnara, Maalim ndiye aliyenishika mkono.

"Nani kakuleta?" Maalim akauliza.

"Nimealikwa. Siku arubaini nafukizwa. Kitu kinachosema ukikifukizia, unataka kijibu."

"Na bibi wa watu kakufanya nini?"

Ikacheka, taratibu. "Bibi yupi? Mie nimemwita huyu jina lake, mara moja tu. 'Suud.' Basi. Yaliyobaki kayasema mwenyewe."

Kioo kikapasuka pa! Harufu ikaondoka hapo hapo. Nikaukata uzi wa ufunguo shingoni kwa Suud, tukakimbilia majlisi.

Bi Shaikha alikuwa amelala sakafuni, shavu juu ya vigae, anatafuta ubaridi. Yu hai. Tukamnywesha maji kidogo kidogo, tukamkalisha. Suud akaja kwa magoti, akamshika miguu, analia kama mtoto.

"Mama, si mie. Wallahi si mie, jini lile."

Bi Shaikha akaivuta miguu yake.

"Jini nimemsamehe," akasema. "Jini hakunyonya kwangu."

Akaomba buibui lake. Akapanda gari yangu, nikampeleka Sidab kwa dadake Kheiria. Suud kasimama getini, na hakuna aliyemwita ndani.

Sasa nakuombeni jambo moja, na mie si mtu wa kuomba: haya yaishie hapa. Musimwambie mtu. Bi Shaikha yuko Sidab mpaka leo, na watu humuuliza kwa nini hakai kwa mwanawe mwenye nyumba kubwa. Yeye huwaambia anapenda kutazama bahari. Mie nimekaa chumbani kwake. Dirisha lake linatazama jabali.