Jumapili za Profesa Guthrie

Kila siku saa mbili asubuhi, kabla ya uji wa shayiri, nilitoka uani kusoma kipimajoto cha babu na kuandika namba daftarini.

Babu yangu, Profesa Guthrie, alikuwa mtoto wa mwashi. Alifika chuo kikuu na gunia la unga wa shayiri mgongoni, akaishia kufundisha fizikia miaka arobaini. Sasa miguu ilimgomea, hakushuka tena kutoka ghorofani. Mimi Mysie, wa miaka kumi na miwili, ndiye niliyekuwa macho yake.

Balaa ilikuwa Jumapili. Bibi alifunga mlango wa uani, ufunguo akautia mfukoni.

"Siku ya Bwana hakuna kazi. Na babu yako usimwambie, ataniletea mdomo."

Niliogopa kuwagombanisha wazee wangu. Basi kila Jumatatu nilibuni namba ya jana yake. Nilijiambia, Jumapili viwanda vya magunia hapa Dundee, Uskoti, havichomi makaa, lazima hewa ipoe. Nikawa napunguza nyuzi mbili kwenye namba ya Jumamosi. Nilifanya hivyo miaka mitatu.

Jumanne moja babu aliniita, machozi yakimlengalenga.

"Mysie, moshi wa viwanda unaupasha mji joto. Jumapili zako zimethibitisha. Ijumaa makala yangu inasomwa Edinburgh mbele ya wataalamu. Maisha yangu yote nimefundisha ugunduzi wa wenzangu, mjukuu wangu. Sasa nitakufa nina wangu."

Ningenyamaza, nani angejua? Lakini uso wake ulinishinda.

"Babu, Jumapili nilibuni."

"Ngapi?"

"Zote."

Bibi alikuwa mlangoni na chai. "Nilifunga mlango mimi. Nilaumu mimi."

"Mlango uliufunga wewe, Jean," babu alisema taratibu. "Lakini mlango hauandiki namba."

Aliniagiza karatasi, akanisomea maneno ya kuandika: makala ina kosa, kosa ni lake, anaiondoa.

"Kosa ni langu, babu," nililia. "Tuanze upya."

"Miaka mitatu mingine? Sina." Alinishika mkono. "Nisikilize. Siku usiyopima, acha nafasi wazi, hata kama utagombezwa. Nafasi wazi haimdanganyi mtu. Umesema kweli, na nashukuru, ila ukweli ukichelewa hauokoi kila kitu."

Barua niliipeleka posta mwenyewe. Februari tulimzika, na hakuna ugunduzi wowote wenye jina lake.