Wafanyakazi Ishirini wa Mama

Kila siku baada ya masomo, Chapchap alipitia maktaba ya umma kabla ya kurudi nyumbani. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu aliandika kwenye kompyuta upesi kuliko watu wazima wengi, na mwenyewe hakuchoka kuwakumbusha. Ghorofa ya juu ya maktaba ilikuwa na kompyuta za wote. Ukionyesha kadi yako unapewa saa moja bure: usome vitabu vya mtandaoni, ujifunze lugha, au utafute kazi. Saa ikitimia, skrini hujizima, uwe umemaliza au hujamaliza.

Jumamosi moja alimpeleka mama yake. Mama alikuwa dobi wa hoteli kwa miaka mingi, mpaka hoteli ilipofungwa. Tangu hapo alifua nguo za watu nyumbani, wiki hii zipo, wiki ijayo hazipo. Sasa hospitali kubwa ya mjini ilikuwa inatafuta watu wa chumba chake cha kufulia, na maombi yalipokelewa kwa mtandao tu.

"Mimi na hiki kidude hatujatambulishwa," Mama alisema akiitazama kompyuta. "Wewe uliza, mimi nitajibu."

Kompyuta za maktaba zilikuwa na programu ya kuandaa wasifu, yaani ukurasa unaomweleza mwajiri wewe ni nani na umefanya kazi gani. Programu ilionyesha mfano uliokwisha kujazwa, ili mtu afute maneno ya mfano na kuandika yake. Mama alijibu kwa ufupi. Alifua, alipiga pasi, alitoa madoa. Shule aliishia njiani. Kisha akachungulia dirishani, akaona mawingu.

"Nguo za watu ziko kambani. Malizia, mwanangu, mimi nakimbia."

Chapchap alibaki akitazama skrini. Miaka yote ya kazi ya mama yake ilikuwa mistari minne. Aliona aibu, na aibu hiyo ilimchoma zaidi kwa kuwa ilimhusu mama yake mwenyewe. Chini ya mistari ile, maneno ya mfano yalikuwa bado yapo, mazuri ajabu: Nimesimamia wafanyakazi ishirini. Nimesomea uendeshaji wa mashine kubwa za mvuke. Skrini ikaonya kwamba muda unakwisha. Kutia chumvi kidogo si kosa, alijiambia; kila mtu hutia. Hakuyafuta, akatuma.

Wiki iliyofuata ujumbe uliingia kwenye simu ya Mama. Aliusoma, akausoma tena, akakaa chini.

"Wananiita kwenye mahojiano Ijumaa. Tena si udobi, wanataka niwe msimamizi! Kumbe wapo watu wanaoona thamani ya mtu."

Kuanzia hapo Chapchap hakuwa na raha. Jirani yao, fundi cherehani, alileta viatu vyake vya Jumapili ili Mama avivae Ijumaa. "Ukishakuwa bosi usijifanye hutujui," alimtania, na Mama akacheka mpaka akajifuta machozi. Chapchap alikuwa amekaa pembeni na sahani yake, na tonge halikupita. Akisema ukweli, atamvunja mama yake moyo. Akinyamaza, Mama ataaibika mbele ya wageni. Kila alipofungua kinywa alimkuta Mama ana furaha kuliko jana, akakifunga tena. Alikuwa amejitia kitanzi mwenyewe, na kila siku kilizidi kukaza.

Kisha mkutubi, aliyesikia habari za mahojiano, akapiga simu. Maktaba ilikuwa na mshauri wa ajira aliyewafanyisha watu mazoezi ya mahojiano, naye alikuwa na nafasi Alhamisi. Watu walimwita Bwana Mazoezi.

"Mimi tumbo linaniuma," Chapchap alisema siku ilipofika.

"Tumbo hilo nalijua, huuma siku za mtihani. Vaa viatu twende."

Chumba cha mazoezi kilikuwa kidogo, hakina dirisha, na meza ilijaza karibu nafasi yote. Bwana Mazoezi alifunga mlango. Kiti cha Chapchap kilikuwa ukutani, nyuma ya kiti cha Mama, hivyo hakuweza kutoka bila wote wawili kusimama.

"Haya, mama, fanya kama mimi ndiye hospitali," Bwana Mazoezi alianza, akisoma wasifu kwenye skrini. "Tueleze jinsi ulivyowasimamia wale wafanyakazi ishirini."

Mama alicheka. "Ishirini? Kule nilisimamia pasi tu."

Bwana Mazoezi hakucheka. Aliigeuza skrini polepole. Mama alisogea, akasoma mstari kwa mstari, midomo yake ikitikisika. Alipomaliza, shingo yake ilianza kugeuka kumtafuta binti yake, ikaishia njiani.

"Ni kosa langu," alimwambia Bwana Mazoezi. "Nilitaka kazi sana. Nisamehe."

Chapchap angeweza kunyamaza na mambo yakaishia hapo, lakini kumsikia mama yake akiomba msamaha kwa uongo asioujua kulimshinda.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Niliacha maneno ya mfano kwa sababu yalikuwa mazuri. Mama hakuyaona." Akaanza kulia.

"Njia ya mwongo ni fupi, binti," Bwana Mazoezi alisema. "Na mashine za mvuke hazisomi wasifu. Mtu asiyezijua zinamuunguza."

Mama alikuwa amegeuka sasa. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Kwa hiyo uliona mimi sitoshi," alisema.

"Hapana, Mama."

"Uliona. Ungeniambia ukurasa haujajaa, ningerudi tukae."

Hapakuwa na muda wa kulia sana. Bwana Mazoezi alifungua ukurasa upya, akawa anauliza, na Chapchap akaandika, safari hii polepole, hahamii neno jingine mpaka Mama aitikie kwa kichwa. Yakatokea mambo ambayo hakuwahi kuyasikia: kwamba Mama ndiye aliyewafundisha kazi wasichana wapya, kwamba ndiye aliyehesabu mashuka yaliyotoka na yaliyorudi. Hata hivyo ukurasa ulifika nusu tu.

"Na hapa palipobaki?" Chapchap aliuliza.

"Paache. Sijafika huko bado."

Kisha Mama akaipigia hospitali yeye mwenyewe. Alieleza kwamba wasifu wa kwanza ulikuwa na mambo ambayo hakuyafanya, na kwamba ametuma wa kweli. Aliyepokea simu alisema usimamizi basi, haupo tena. Jina lake litarudi kwa walioomba udobi, mahojiano Jumatatu, na watu ni wengi. Mama akashukuru. Jioni ile alikwenda kwa fundi cherehani kumrudishia viatu, akamweleza kila kitu, akarudi bado navyo mkononi. Fundi alikuwa amesema hata madobi wana miguu.

Majibu yalikuja mwisho wa mwezi: Mama amepata udobi, kwa majaribio kwanza. Chapchap aliruka kwa furaha, kisha akakumbuka, akatulia.

"Lakini ungekuwa msimamizi, Mama."

Mama alimvuta akae karibu naye.

"Mwanangu, anayepata kazi kwa uongo ana waajiri wawili. Mmoja anamlipa na kumruhusu kwenda nyumbani jioni. Wa pili ni ule uongo wake, na huo haumpi likizo hata siku moja. Wewe umeutumikia wiki moja tu, na kula ulishindwa. Mimi mwajiri mmoja ananitosha."