Maji ya Kikombe

Kitendawili. Nyumba yangu haina paa wala mlango. Mtu hushuka mkavu, hupanda amelowa, na waliosimama kando humpigia vigelegele. Mji sitaki, jibu nalitoa mwenyewe: ni kisima cha ubatizo. Na kisima ninachokisimulia kilimeza penzi.

Mshonaji mmoja, aliyeitwa Sindano kwa wembamba na kwa ulimi wake, alikwenda duka la vifaa vya ujenzi kununua mafuta ya cherehani. Duka limefurika, watu wanasukumana. Kijana akageuka na bomba begani, likanasa gauni la bluu la Sindano, likalichana ubavuni.

"Samahani, dada. Bomba halina macho."

"Na aliyelibeba?"

"Alikuwa nayo mpaka ulipoingia."

Sindano akacheka kabla hajakumbuka kukasirika.

Kumbe kijana huyo alikuwa fundi bomba, ndiye aliyeitwa na kanisa la kina Sindano kuziba kisima kilichokuwa kinavuja. Alikiziba taratibu mno. Kila mchana simu ya Sindano ililia: mara amesahau koleo, mara anauliza mtu amekula nini. Alimwita "uzi wangu", naye akaitwa "Bwana Mabomba". Baba yake Sindano, mzee wa kanisa, hakukataa posa. Alitaka jambo moja tu: kijana abatizwe upya kwa kuzamishwa, maana yale maji ya uchangani ya dhehebu lake, ya kupakwa kwenye paji la uso, hayahesabiki.

Fundi akawa anapiga chenga. Sindano akadhani ni kiburi cha dhehebu lake, akanuna, simu hapokei. Ndipo fundi akamfuata chumba cha kushonea, akakaa juu ya robota la vitambaa, akamweleza. Alizaliwa pacha, kabla ya wakati. Mama yao, hali yake mbaya, aliomba kikombe cha maji akawabatiza wote wawili pale kitandani. Dada yake pacha alikufa kabla ya jioni.

"Nikizama, nimesema kikombe cha mama kilikuwa cha bure. Niambie wewe, uzi wangu. Pacha wangu alibatizwa, au alilowa tu?"

Sindano alilelewa akijua Kitabu hakina kosa hata nukta, nacho kinatanguliza kuamini mbele ya maji. Mtoto wa saa moja anaamini nini? Fundi alikipenda Kitabu hicho hicho, ila alisema kimeandikwa na mikono ya watu, na Mungu hakubanwa na mikono yao. Walibishana mpaka chai ikapoa. Swali likabaki linaning'inia.

Jumapili ya ubatizo, fundi alikuja. Alivaa gauni jeupe la ubatizo aliloshona Sindano, akamvuta kwenye kichumba cha kubadilishia nguo. Nje kwaya ilikuwa imeanza.

"Sema alibatizwa. Neno moja. Nitashuka, tutaoana, na sitauliza tena."

Gauni lilimkaa sawasawa mabegani. Sindano alikuwa amempima kwa macho tu. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni, jepesi. Wateja aliwadanganya kila wiki kwamba nguo zao ziko tayari, bado vifungo. Huyu hakuweza kumdanganya. Baba alimwita fundi kutoka kisimani, mara ya kwanza, mara ya pili.

Sindano akaushika ule mkono wa fundi wenye sugu, akaubana.

"Alilowa tu," akasema.