Kichwa cha Bwana Vioo

Kila asubuhi fundi miwani alifungua chumba chake cha kazi, akafuta meza, akawasha taa ndogo, akainama. Watu wa mtaa walimwita Bwana Vioo. Alikata vioo, akasugua kingo zake, akavipachika kwenye fremu na kukaza skrubu ndogo kama chembe za mchanga. Ikifika saa nne shingo imekakamaa. Ikifika saa sita kichwa kinabana.

Hakikugonga. Kilibana pande zote mbili, kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, kana kwamba mtu amemfunga mkanda na anaendelea kuukaza. Aliweza kutembea na kufanya kazi. Raha tu ndiyo hakuwa nayo.

Kwa kuwa ni fundi miwani, alishuku macho. Akajitengenezea miwani mpya. Baada ya mwezi akatengeneza nyingine. Ya nne iliposhindwa kumsaidia, alikimbilia vidonge vya maumivu. Mwanzoni alimeza mara moja kwa wiki. Baadaye ikawa kila siku.

Nyumbani hakukaliki. Anakaa, anainuka, anafungua dirisha, analifunga. Mapacha wake, wasichana wa miaka minane, walianza kutembea kwa kunyata ndani ya nyumba yao wenyewe. Mama Mapacha alimuuliza mumewe ana nini. Alijibu ni uchovu tu. Hakumwambia kinachomla moyo. Kaka yake mkubwa alifariki kwa uvimbe kichwani, na yeye aliamini zamu yake imefika. Akaanza kumfundisha mkewe kukaza skrubu za fremu, bila kumweleza sababu. Mkewe alikaza huku akimtazama usoni.

Siku moja muuguzi wa zahanati ya jirani alikuja kuchukua miwani yake. Akamkuta fundi anameza vidonge viwili bila maji. Alilipa, lakini hakuondoka. Akavuta kigoda, akakaa.

"Vidonge hivi unavimeza siku ngapi kwa wiki?"

"Zote."

"Tangu lini?"

Fundi alimtazama mkewe, aliyekuwa pembeni akikaza fremu, kabla ya kujibu. "Tangu mwaka jana."

"Basi, kaka yangu, huenda sasa vidonge vyenyewe vinakuletea maumivu."

Alieleza kwamba misuli ya shingo, mabega na taya ikikaza muda mrefu, kichwa huweza kubana hivyo. Mawazo na usingizi mbovu huongeza. Dawa ya maumivu husaidia mara chache, lakini ikimezwa karibu kila siku, kichwa huizoea na kuanza kuuma kwa sababu yake.

"Na kama ni uvimbe?" fundi aliuliza.

Mama Mapacha aliweka fremu mezani polepole.

Muuguzi alisema hilo si la kubahatisha, aende akapimwe. Tena zipo dalili ambazo mtu akiziona hangoji hata saa moja kwenda hospitali: maumivu makali ya ghafla kuliko yote aliyowahi kuyapata, homa pamoja na shingo ngumu, mkono au mguu kulegea, ulimi kuwa mzito, macho kupoteza nuru, kuchanganyikiwa, au maumivu baada ya kuanguka na kuumia kichwa.

Kesho yake fundi na mkewe walikwenda kwa daktari. Daktari alimpima macho, shinikizo la damu, shingo na nguvu za mikono. Akamuuliza mengi. Hakuona dalili ya hatari. Aliyoyasema yalilingana na ya muuguzi. Alimwagiza aache vile vidonge, akamwonya kwamba kichwa kitazidi kuuma kwanza kabla ya kupoa.

Njiani mkewe alisimama, akamgeukia. Kisha akasema, "Kumbe ulinifundisha skrubu ili unizoeze ujane."

Fundi alimshika mkono.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu. Alifagia ua mara tatu kwa siku kwa kukosa pa kuuweka mwili. Alitamani vidonge, akarudi kwa daktari, akaambiwa avumilie kidogo. Akainua meza kwa mbao ili asiiname. Kila nusu saa alisimama na kuzungusha mabega. Aligundua kuwa akikaza skrubu, na meno huyakaza. Akajifunza kuyaachia. Alilala na kuamka saa zilezile. Jioni alitembea na mkewe. Katika daftari aliandika siku zote alizoumwa. Mwezi wa kwanza zilikuwa ishirini na mbili. Mwezi wa tatu, tisa. Mwezi wa tano, nne.

Jioni moja, wakiwa matembezini, mkewe aliona uso wake umebadilika.

"Kichwa kinabana tena?"

"Kimekuja."

Alimuuliza kama warudi. Fundi alishusha mabega, akaachia taya, akavuta pumzi.

"Hapana. Twende mpaka darajani, nacho kitufuate."

Wakaenda, taratibu, mpaka darajani.